Niliyojifunza Kitengela Nilipokwenda Kutazama Ploti

Chama chetu cha akina mama wa Majengo, Mombasa, kiliponichagua niende Kitengela kutazama ploti, agizo nililopewa lilikuwa fupi: "Hakikisha ina taito." Wote tulilitamka neno hilo kama watu wanaolijua. Mwenye hati kutoka ofisi ya ardhi husema ana taito. Mwenye barua ya mgao husema ana taito. Mwenye cheti cha hisa cha kampuni ya kununua mashamba naye husema hivyo hivyo. Safari hii ilinionyesha kwamba karatasi hizo si ndugu wa tumbo moja, na kwamba asiyezitofautisha anaweza kulipa akiba ya maisha yake yote na asipate hata shubiri ya udongo.

Sisi wa Pwani tuna sababu ya kulijali jambo hili. Mombasa tunayo desturi ya nyumba bila ardhi: nyumba ni yangu, niliijenga au niliirithi, lakini kiwanja iliposimama ni cha mtu mwingine, nami humlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Vijijini mtu huweza kumiliki minazi katika shamba ambalo udongo wake si wake. Kwa hiyo nilikwenda nikijua tangu utotoni kwamba "yangu" ina maana nyingi. Nilichotaka kujua ni maana yake huko bara, mahali ambapo jamaa zetu wengi wananunua.

Nilipanda basi la usiku. Tukapita Voi, Mtito Andei na Emali, na alfajiri nikashuka Athi River, kwenye njia panda ambapo barabara ya Namanga inaachana na ya Mombasa na kuelekea mpaka wa Tanzania. Baridi ya nyanda zile haina huruma kwa mtu wa bahari. Malori ya saruji yalikuwa yamepanga foleni, na wauza chai walikuwa wamekwisha kuwasha majiko. Nikaingia matatu ya Kitengela. Kando ya barabara wafanyakazi walikuwa wakimiminika kwa miguu kuelekea eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje, lile linaloitwa EPZ, lililoanzishwa mwaka 1990. Wengi walikuwa wasichana wanaoshona nguo za kupelekwa Marekani. Hapo nikaanza kuelewa mji huu ulivyokua. Viwanda vilileta vijana, vijana wakahitaji vyumba, na vyumba vikahitaji viwanja.

Kitengela inakaliwa na watu wa kila pembe ya Kenya. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 hapa, mahali ambapo wenyeji wa umri wangu wanapakumbuka kama kituo kidogo cha biashara kilichoitwa Noonkopir. Maduka ya vifaa vya ujenzi yamepakana mlango kwa mlango: mabati, nondo, matangi ya maji, misumari, waya za seng'enge. Maboza ya maji hupita mchana kutwa, maana maji ya mfereji hayatoshi. Na juu ya kila paa, nguzo na ukuta kuna bango la kuuza ardhi. Karibu kila bango lina maneno yale yale: ploti, fifti kwa handredi, taito iko tayari.

Mpwa wangu alinipokea stendi. "Shangazi, pole na safari. Twende, sisi tunakaa ploti ile yenye geti la kijani." Ploti aliyoitaja ni jengo la vyumba vya kupanga vilivyozunguka ua mmoja, na mwenye nyumba huitwa mwenye ploti. Dalali tuliyekwenda kumwona baadaye naye aliuza ploti, yaani kiwanja kitupu. Mpangaji akisema "ploti yangu" anataja mahali anapolala. Mnunuzi akisema vivyo hivyo anataja mali. Mjini watu huelewana kwa sababu wanajuana. Tabu huanza neno linapotoka mdomoni na kuingia katika mkataba.

Dalali alikuja na gari baada ya chai. Alikuwa kijana mwenye adabu, akiniita Mama kila sentensi. Tulishika barabara ya Namanga kuelekea Isinya, kisha tukaingia njia ya vumbi. Ardhi ilifunguka: tambarare ya nyasi kavu, migunga mifupi yenye miiba, na udongo mweusi uliopasuka kwa jua, ule ambao mvua ikinyesha hushika magurudumu na msingi wa nyumba hugharimu mara dufu. Kila baada ya hatua kadhaa palikuwa na ua wa seng'enge uliozungushwa kiwanja kisicho na kitu. Wenyewe wako Nairobi, Mombasa, Dubai au Marekani, wanangoja bei ipande.

Akatuonyesha bikoni, vigingi vidogo vya zege na chuma vinavyowekwa na mpimaji kwenye pembe za kiwanja. "Hii ni moja ya nane ya ekari, Mama. Fifti kwa handredi." Nikatoa kalamu. Ekari moja ni futi za mraba 43,560, na moja ya nane yake ni 5,445. Futi 50 ukizidisha kwa 100 unapata 5,000. Tofauti ni futi 445 za mraba, zaidi ya vyumba vitatu vya futi kumi na mbili kwa kumi na mbili. Sokoni maneno hayo mawili hutumika kama kitu kimoja, na hati ikitoka huandika hekta, kipimo ambacho wanunuzi wengi hawakitumii. Anayenunua kwa ekari na kupokea kwa hekta lazima ajue hesabu ya kutoka huku kwenda kule.

Kisha nikamwuliza kuhusu taito. "Taito iko, Mama." Akafungua faili. Ndani mlikuwa na karatasi tatu, na zote aliziita taito.

Ya kwanza ilikuwa nakala ya hati ya shamba kubwa ambalo viwanja hivi vilikatwa kutoka kwake. Watu wa kazi hiyo huiita hati mama. Ni hatimiliki kweli, lakini ni ya mtu mwingine na ya shamba zima. Kabla mpimaji hajawasilisha mchoro wa mgawanyo, ukakubaliwa, na kila kipande kikapewa namba yake, kiwanja nilichosimama juu yake hakipo katika daftari la serikali. Nilikuwa nakikanyaga, lakini kisheria kilikuwa bado tumboni mwa shamba mama.

Ya pili ilikuwa barua ya mgao, ambayo mamlaka ya umma humwandikia mtu kumwambia kwamba imependekeza kumpa kiwanja kwa masharti fulani. Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema wazi Septemba 2023, katika kesi ya kampuni ya Torino Enterprises, kwamba barua ya mgao peke yake haimpi mtu haki ya ardhi. Ni toleo tu. Mpaka aliyepewa atimize masharti, alipe, na ardhi iandikishwe kwa jina lake, hana cha kumuuzia mwenziwe.

Ya tatu ilikuwa cheti cha hisa, kinachoonyesha kwamba mwenye nacho ni mwanachama wa kampuni au ushirika, na kwamba anaweza kudai sehemu ya mali yao siku itakapogawanywa. Kama ushirika wenyewe hauna ardhi, cheti hakina pa kushika.

Hayo si ya kufikirika. Jirani tu na Kitengela, upande wa Mavoko katika Kaunti ya Machakos, Oktoba 2023 matingatinga yalibomoa nyumba za watu katika ardhi ambayo mahakama ilithibitisha kuwa ni ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Nyumba zilizoanguka zilikuwa za mawe, na waliozijenga walisema walinunua kwa fedha halali. Walikuwa na karatasi mikononi, ila karatasi zao hazikutoka kwa mwenye ardhi.

Jioni mpwa wangu alinipeleka kwa mzee mmoja wa Kimaasai, upande wa mto Empakasi, kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. "Takwenya," alinisalimu, nami nikaitika "Iko" kama nilivyofundishwa njiani. Wajukuu walikuja wakainamisha vichwa ili tuwaguse utosini. Tukaletewa chai ya maziwa. Nikamweleza kilichonileta, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akasema, "Mama, unauliza kuhusu karatasi. Mimi nimezaliwa kabla ya karatasi."

Kwa Kimaasai, alinieleza, ardhi ni enkop, na neno hilo hilo ni nchi. Ndani ya enkop kulikuwa na haki nyingi zisizofanana. Kila sehemu ya Wamaasai, kama hawa Ilkaputiei, ilikuwa na eneo lake. Kisima kilikuwa na wenyewe na utaratibu wa nani atangulie kunywesha. Karibu na boma palitengwa olopololi, malisho ya ndama na mifugo dhaifu, na jirani hakuruhusiwa kuingiza ng'ombe wake humo. Malisho ya mbali yalikuwa ya wote, kwa zamu ya mvua na kiangazi. Wazungu walipokuja wakaandika mikataba miwili, wa 1904 na wa 1911, na Wamaasai wakaondolewa katika nyanda zao bora za kaskazini. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913 walishindwa. Mahakama ilisema ile ni mikataba baina ya mataifa, nje ya uwezo wake kuiamua.

Baada ya uhuru ikaja hatua nyingine. Sheria ya mwaka 1968 iliruhusu kundi la wafugaji kuandikishwa kuwa wamiliki wa ardhi moja kupitia wawakilishi wao. Hizo ndizo ranchi za vikundi, na Kajiado, kaunti ilimo Kitengela, ikawa kitovu chake. Ranchi ya Kitengela ilikuwa na zaidi ya hekta 18,000 na wanachama zaidi ya 200, wote chini ya hati moja. Mwaka 1988 ikagawanywa, kila mwanachama akapata kipande na hati yake mwenyewe.

"Ilipokuwa karatasi moja," mzee alisema, "hakuna aliyeweza kuuza bila sisi kuketi. Zilipokuwa nyingi, mtu aliuza usiku na asubuhi tukaona seng'enge."

Simlaumu aliyeuza. Wengine waliuza kwa ajili ya karo, wengine ng'ombe zao walikufa kwa ukame, na wengine waliona majirani wakijenga nyumba za mawe. Lakini tokeo lake linaonekana kwa macho. Mbuga ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 tu, na upande wake wa kusini hauna ua kwa sababu nyumbu na pundamilia walikuwa wakivuka mto msimu wa mvua na kutawanyika katika nyanda za Kitengela. Njia hizo sasa zimezibwa na viwanja na nyua, na idadi ya nyumbu imeporomoka vibaya tangu miaka ya 1970. Simba nao hukutana na mbuzi wa watu. Juni 2012 simba sita waliuawa hapa kwa siku moja baada ya kuvamia mifugo.

Katika mazungumzo na mzee nikapata jambo ambalo sikulitegemea. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi wa Kitengela takriban dola nne za Marekani kwa ekari kwa mwaka, ili wasizungushe ua, wasilime, wasichimbe mawe, wala wasidhuru wanyama pori. Malipo yalitolewa mara tatu kwa mwaka, wakati wa kulipa karo. Jirani wa mzee aliwahi kuwemo. Hatimiliki ilibaki katika sanduku lake, ng'ombe wake waliendelea kulisha pale pale, na nyumbu wakapita. Hakuuza ardhi wala hakuikodisha kwa maana ya kuhama. Alichokubali kuuza ni haki ya kujenga ua. Nilikumbuka nyumba na minazi yetu ya Pwani. Haki juu ya ardhi moja zinaweza kutenganishwa na kushikwa na watu tofauti, na mababu wa Pwani na wa Kajiado walilijua hilo kabla ya ofisi yoyote ya usajili. Neno "taito", kama tunavyolitumia sokoni, linazificha haki hizo zote nyuma ya karatasi moja.

Kulipopambazuka nilipanda matatu ya kwenda mji wa Kajiado, kupitia Isinya. Kajiado ni jina lililotokana na Olkejuado, mto mrefu kwa Kimaasai. Ofisi ya usajili wa ardhi ilikuwa imejaa watu mapema: mawakili vijana wenye mafaili, wazee wa shuka nyekundu wenye fimbo, wanawake waliobeba watoto. Nilijaza fomu ya kuomba uchunguzi rasmi, ambao kila mtu pale anauita sachi, nikaambatanisha nakala ya hati mama, kitambulisho na namba yangu ya kodi.

Nikaketi kando ya mama mmoja wa Kimaasai. Alikuwa amekuja kuweka zuio juu ya shamba la familia, kwa kuwa mumewe alikuwa akizungumza na madalali. "Jina langu haliko kwenye hati," aliniambia, "lakini watoto wangu wako juu ya ile ardhi." Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inamlinda: nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi. Na ardhi ya kilimo haihamishwi kihalali bila ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi, iliyowekwa na sheria ya mwaka 1967. Huko bodini ndiko familia huulizwa kama imekubali. Mnunuzi anayeridhika na sahihi ya mwanamume peke yake anaweza kununua kesi.

Majibu yangu yalipotoka nilisoma kwanza jina la ardhi: Kajiado, Kaputiei Kaskazini, kisha namba. Jina la watu waliolisha ng'ombe hapo kabla ya hati kubuniwa lingali limeandikwa juu ya kila hati ya eneo hilo, hata ile ya mtu ambaye hajawahi kukutana nao. Chini yake kulikuwa na jina la mwenye shamba, ambalo halikuwa la kampuni iliyotuma dalali. Na katika sehemu ya vizuizi palikuwa na rehani ya benki ambayo haijafutwa. Shamba ambalo viwanja vyake vilikuwa vikiuzwa kwa bango lilikuwa dhamana ya mkopo wa mtu.

Karani aliyenihudumia alinishauri nisiishie kwenye sachi. Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, iliamua kwamba hati peke yake haitoshi ikiwa chimbuko lake lina kasoro. Kiwanja kile cha ufuo wa Nyali kilikuwa na hati, kilikuwa kimeuzwa na kununuliwa, lakini ugawaji wake wa mwanzo haukufuata sheria, na mnunuzi wa baadaye akapoteza. Kwa hiyo mnunuzi atazame historia yote ya ardhi: ilikuwa ya nani, ikahamishwa lini, kwa idhini gani.

Nilirudi Mombasa nikawaeleza wenzangu wa chama. Hatukununua ploti ile, na tumekubaliana kwamba neno taito halitaandikwa tena katika kumbukumbu za mikutano yetu. Tutaandika karatasi kwa jina lake: hatimiliki ya kiwanja chenye namba yake, hati mama, barua ya mgao, cheti cha hisa, mkataba wa mauzo, hati ya kukodi. Kila moja inampa mtu haki yake, na haki hizo hazilingani.

Nawe msomaji, uwe Kisauni, Kahawa, Muscat au Minneapolis, ukipigiwa simu kwamba kuna ploti Kitengela na taito iko tayari, usimtumie mtu pesa siku hiyo. Uliza karatasi hiyo inaitwaje, imeandikwa jina la nani na ina namba gani. Mtume mtu unayemwamini ofisi ya Kajiado akafanye uchunguzi, mpimaji akakague bikoni, na wakili afuatilie chimbuko. Uliza pia kama mke na watoto wa muuzaji wamekubali, na kama kipande hicho ni njia ya maji, ya ng'ombe au ya wanyama. Muuzaji mkweli hatachukizwa na maswali hayo, na anayekuharakisha usimlipe.